Mama Aliyepumzishwa

Mama yako akikuita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, utaitika au utamsahihisha? Biasha aliitika, "Abee," mbele ya abiria wote wa basi la Kivinje kwenda Masoko. Alikuwa akimpeleka mama yake, Bi Mboni, akakae kwa mwanawe wa kiume, Fakihi. Tangu wahamie kijiji cha ujamaa, bibi huyo hutoka alfajiri kulitafuta shamba lao la zamani.

"Nyumbani mama huyu anafanya kazi gani?" aliuliza abiria mmoja, Klementi wa Mitole, kutoka kiti cha mbele, ingawa hakuna aliyemsemesha.

"Kazi? Mzazi huyu! Tumempumzisha. Hata ukili wa mikeka tumemwondolea asichoke, na barazani hatumtoi, watu wasije wakamcheka."

"Basi mnamzeesha akili. Mwacheni asuke, atembee, apige soga na wenzake. Na masikio je, anasikia vizuri? Asiyesikia naye huonekana kasahau."

"Mganga kasema ni shetani. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema ni uzee tu. Sasa nawe, baba, umeniletea masikio!"

Abiria wakaangua kicheko.

"Sisemi atapona," alisema Klementi. "Mama yangu naye anasahau, ila bado anasuka, na tunacheka naye."

Biasha hakujua amwamini nani. Basi liliposimama Masoko, Fakihi akanyoosha mkono ampokee mama. Biasha hakumwachia.

"Kaka, unisamehe," alisema. "Moyoni sikutaka kumleta, nilichoka tu kumtafuta kila alfajiri. Nataka nikae naye mimi, nimrudishie ukili wake."