Wakati wa Mtihani Hapigiwi Mtu Simu

Benchi la barabara ya kumi na moja, pale Ngamiani, ni ubao mmoja mrefu uliokalishwa juu ya matofali mbele ya duka lililofungwa. Kila alasiri, watu wakishatoka msikitini, Sabiri huteremsha dele lake la kahawa, akapanga vikombe, na wenye benchi wakaanza kuwasili kila mmoja na uongo wake wa siku. Yupo Ernesti, aitwaye Daktari kwa kuwa alilinda geti la hospitali miaka ishirini na mbili na anaamini udaktari wote ulipita pale ukimwingia. Yupo Badru, aitwaye Redio, na huyo hahitaji maelezo. Yupo Ayubu, Profesa, aliyesoma chuo muhula mmoja na nusu akarudi na miwani. Na yupo Sadalla, fundi wa kutengeneza cherehani, ambaye hakuwa na jina la benchi mpaka binti yake Najat alipochaguliwa kwenda chuo Dodoma. Siku hiyo Sadalla aliwanywesha wote kahawa mpaka dele likakauka, na tangu hapo ni Baba Chuo. Jina lilimpendeza mwaka mzima, ila leo hakutaka kulisikia.

— Baba Chuo, kahawa inapoa, — alisema Sabiri.

Sadalla alikuwa amekishika kikombe, lakini mkono haukupanda mdomoni. Mkono wa pili ulikuwa na simu, na kwenye simu palikuwa na picha aliyoiweka Najat kwenye ukurasa wake asubuhi ile, amesimama na wenzake wawili nje ya ukumbi wa mtihani. Sadalla alikuwa ameitazama tangu asubuhi. Gauni lilikuwa lile la Idi, lililombana mabegani mpaka mama yake akalalamika. Sasa lilimning'inia. Shingo ilikuwa imetoka mishipa, na macho yalikuwa yameingia ndani.

— Hebu nitazameni mtoto huyu, — alisema hatimaye, akaipitisha simu. — Au macho yangu?

Simu ilizunguka benchi zima. Hakuna aliyesema ni macho yake, na hapo ndipo hofu ilipomkaa Sadalla sawasawa. Alikuwa amekuja kuambiwa kwamba ni upuuzi.

— Chipsi hizo, — alisema Daktari, akiirudisha simu taratibu, kama mtu anayerudisha cheti cha hospitali. — Mimi geti langu lilikuwa likipitisha wanafunzi kila Jumatatu, tumbo mkononi. Chipsi asubuhi, chipsi mchana. Mafuta yale yanakaangiwa mpaka yanakuwa meusi, yanakwenda kupaka utumbo lami. Ukishapakwa lami, kaka, hata ule pilau halipiti. Linateleza tu.

— Linateleza linakwenda wapi? — aliuliza Sabiri.

— Ndipo hapo madaktari wanaposhindwa.

— Wacha chipsi, — alidakia Redio. — Nyie hamsikilizi habari? Wiki iliyopita, chuo kimoja huko bara, jina hawakulitaja, kijana kaanguka ndani ya chumba cha mtihani. Kalamu mkononi! Vinywaji vile vya makopo, vya kuzuia usingizi. Moyo unakimbia wiki nzima kama pikipiki isiyo na breki. Siku ya mtihani umechoka, unazima.

— Alikufa? — Sadalla aliuliza.

— Habari ilikatika, umeme ukaenda.

Sadalla aliweka kikombe chini. Angependa kijana yule asiye na jina awe hai kuliko alivyopenda kitu chochote siku ile.

Profesa alikuwa anafuta miwani, na benchi linajua Profesa akifuta miwani anapanga somo.

— Jamani, mnazungukazunguka nje ya mada. Kinachomkondesha msomi ni kusoma. N'kwambieni kitu nilichokiona kwa macho yangu nilipokuwa chuo. Mtu akisoma, damu inapanda kichwani, si ndiyo? Sasa hawa wa siku hizi hawapumziki. Kitabu, simu, kompyuta, simu. Damu inapanda, haipati nafasi ya kuteremka. Mabega yanakosa, shingo inakosa, mguu ndiyo kabisa. Tazama ile picha. Kichwa kimebaki vilevile, si mwili tu uliokwisha?

Sadalla aliitazama tena. Wallahi, kichwa kilikuwa kimebaki vilevile.

— Na vile vitanda! — Redio alikuwa hajamaliza. — Vya chuma, vya ghorofa. Mtoto analala juu, chini yake wenzake wamechomeka simu zinachaji zote. Umeme unapanda kwenye chuma unaingia mfupani.

— Umeme si ungewarusha? — aliuliza Sabiri.

— Huo wa kurusha ni mwingi. Huu ni kidogo kidogo, unakula.

— Nami naongeza, — alisema Daktari, sauti imeshuka. — Huyu ni mtoto wa pwani. Kazaliwa Makorora, kakulia upepo wa bahari, kala papa na nguru toka ana meno mawili. Mwili wake una chumvi ndani. Mpeleke Dodoma, kwenye upepo ule mkavu, chumvi inatoka. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa pili anaanza kukauka, kama samaki ng'onda anayeanikwa juu ya bati. Na Najat yupo mwaka wa ngapi?

Wote walijua ni wa pili.

Sadalla angekuwa na akili zake angecheka, maana hawa ndio walewale waliobishana wiki nzima iwapo kuku huota ndoto. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hachagui. Chipsi aliiamini, umeme akauamini, na hata ile chumvi.

— Si umpigie basi? — alisema Sabiri, akimwaga kahawa iliyopoa.

Benchi zima lilimgeukia kwa mshangao.

— Sabiri! Wakati wa mtihani?

Sheria ile ilitungwa hapohapo, juu ya ubao huohuo, mwaka uliopita. Profesa alieleza jinsi alivyokuwa chuo, kesho yake ana mtihani, nyumbani wakapiga simu kumwambia mbuzi wa bibi kapotea. Basi. Kila alichokisoma kilitoka, akabaki na mbuzi. Akarudi nyumbani na miwani. Benchi likajadili, likapitisha: msimu wa mtihani hapigiwi mtu simu, wala ujumbe haupelekwi, maana ujumbe nao unakaa kichwani mahali pa somo. Sadalla, mzazi pekee mwenye mtoto chuo, ndiye aliyeibeba sheria ikafanye kazi. Safari hii Najat alikuja nyumbani siku chache kabla ya mitihani, na siku anarudi chuoni mama yake, Sabiha, alikuwa kitandani na presha, hakuweza hata kumsindikiza. Pale stendi Sadalla akamkabidhi binti kopo la visheti vya sukari alivyopika mama yake kabla hajaugua, akamwambia kiume, mbele ya watu: “Wakati wa mtihani hatupigiani simu. Wewe usipige, nami sipigi. Ukiona jina langu linaita, ujue kuna msiba.” Alijiona amesema neno zito.

Mitihani ilikuwa sasa inamaliza wiki ya tatu. Sabiha alishapona zamani, anapika, anafoka, anafua.

— Nikipiga nikamharibia je? — Sadalla aliwauliza. — Miaka miwili yote ikapotea kwa simu yangu?

— Ndiyo hapo.

— Na nisipopiga akaanguka kama yule kijana?

— Ndiyo hapo pia, — alisema Redio.

Ng'ambo ya njia, kwa fundi baiskeli, kulikuwa na mgeni mmoja anangoja tairi lake lizibwe. Alikuwa mtu wa makamo, shati la mikono mifupi, vumbi la Muheza mpaka magotini. Jina lake Wilfred, kama alivyokuja kujitambulisha alipovuka kuomba kahawa.

— Habari za hapa, ndugu zangu. Shikamoo, mzee, — alisema kwa Daktari, ambaye alikuwa na mvi kuliko wote.

— Marahaba. Karibu, kaa.

Walimsogezea picha naye aitazame, na Redio akamsimulia chipsi, makopo, damu, vitanda na chumvi, bila kuvuta pumzi. Wilfred alisikiliza mpaka mwisho. Alikunywa kahawa yake, akakirudisha kikombe kwa Sabiri.

— Na mwenyewe anasemaje?

— Mwenyewe nani?

— Binti. Anasema anaumwa nini?

Daktari alimtazama Redio. Redio alimtazama Profesa. Profesa alivua miwani, akaona ameshaifuta, akaivaa. Saa nzima walikuwa wamempasua mtoto yule kiungo kwa kiungo, na hakuna aliyekuwa na neno lake hata moja.

Sadalla hakungoja benchi lipitishe. Alibonyeza jina mara mbili ndipo likashika. Simu yake ilikuwa imeharibika, haisikiki mpaka uweke spika, kwa hiyo wote waliusikia mlio. Uliita mara moja tu, na haukufika mwisho.

— Baba! Nani kafa?

Kikombe kiligonga kikombe mkononi mwa Sabiri.

— Baba, niambie tu. Ni mama?

Sadalla alifungua mdomo. Alikuwa na maswali ya chipsi na ya vitanda, lakini hilo la msiba hakuwa amejiandaa nalo. Kule Dodoma kimya chake kilisikika vibaya.

— Ni mama. Nilijua. Nilijua mimi, Mola wangu…

— Sema, bwana we! — Sabiri alimpigia kelele.

— Hakuna! — Sadalla alipata sauti, akapiga ukelele mpaka fundi baiskeli akainua kichwa. — Hakuna aliyekufa, mwanangu. Mama yako mzima, yuko nyumbani, presha ilishateremka. Hakuna msiba. Hakuna.

Kilisikika kilio tu kwa muda, kile cha mtu aliyekishikilia siku nyingi. Benchi zima lilikisikiliza, vichwa vimeinama.

— Sasa mbona umenipigia?

— Nimeiona picha. Umekonda, mama. Nikaogopa. Unaumwa nini?

— Siumwi. Silali, baba. Nalala na simu kifuani. Ya mwenzangu ikitetemeka mimi naruka nakaa. Nilimwacha mama kitandani, halafu wewe ukanambia vile pale stendi. Kila siku nasema leo ndiyo jina la baba litaita. Chakula kinaletwa nakitazama tu, hakipiti.

— Visheti je?

— Kopo sijalifungua. Nilisema nikilifungua vitakwisha, na kama ndivyo vya mwisho vya mama je?

Sadalla aliziba macho kwa kiganja. Tangu asubuhi alikuwa akimwogopea mtoto kila kitu kilichoko Dodoma, na kilichokuwa kikimla alikuwa amempa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, pamoja na kopo.

— Kwa nini hukupiga, Najat?

— Si ulinikataza?

Aliona aibu, na hakujaribu kuificha.

— Nilikukataza. Nisamehe, mwanangu.

— Kwani nani alisema simu inaharibu mtihani?

Swali lilitoka wazi kwenye spika, sauti ya mtoto ikiuliza tu apate kujua. Daktari alianza kuokota makombo ya kashata kwenye suruali yake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lijengwe, hakuwa na habari. Profesa aliitazama kahawa yake kana kwamba jibu limezama humo. Alisogeza mdomo, akasema polepole sana “mbuzi…”, akaacha.

— Baba? Bado upo?

— Nipo.

— Nipe mama nimsikie.

— Niko kijiweni. Nakwenda nyumbani sasa hivi.

— Usikate.

— Sikati.

Aliinuka. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta na hakuikumbuka, wala hakumuaga Wilfred. Alishika njia ya Makorora, simu mbele ya mdomo, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa.

— Uko wapi? — aliuliza Najat. Sauti bado ilikuwa na maji.

— Nimevuka ya kumi na mbili.

Hizo ndizo barabara Najat alizojifunzia kuhesabu, ana miaka minne, kidole chake kimeshika kidole cha baba, kila wakivuka moja anaitaja kwa nguvu mpaka wanunuzi wa dagaa wanacheka. Akikosea walikuwa wakirudi nyuma.

— Ya kumi na tatu hiyo, — alisema Sadalla.

— Endelea.

Hofu haikuwa imeondoka. Alimwona tena kwenye picha, shingo na mabega, akajiuliza mwili uliokwisha hivyo unarudi kwa muda gani, na kama alimwahi. Hakuwa na wa kumuuliza. Aliongeza mwendo.

— Ya kumi na nne. Ya kumi na tano, pale kwa muuza nazi. Mama yako atakuwa anachambua mchele saa hizi.

Najat hakujibu. Sadalla akaileta simu karibu na sikio. Mbali kule kulikuwa na mlio wa bati likibanduliwa, mfuniko wa kopo. Halafu kitu kikavu kikavunjika kwenye meno, mara moja, na tena.

Hakuuliza anakula nini. Aliogopa akiuliza ataacha. Alipunguza mwendo, akapita pembeni kabisa ya njia ili baiskeli zisimpigie kengele.

— Ya kumi na sita, — alisema, kwa sauti ndogo.

— Mm, — alisema Najat, mdomo umejaa.