Shavu la Kushoto la Kinyozi Wetu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, mtoto wa nne wa fundi viatu na mshonaji wa mashuka ya hospitali.

Alisoma mpaka darasa la saba. Siku za ukaguzi aliwanyoa wenzake kwa wembe nyuma ya vyoo. Mwalimu mkuu alimfuma, akamchapa, kisha akaketi kwenye tofali naye anyolewe.

Mwaka 1979 alifungua duka lake la kunyoa nyuma ya kituo cha mafuta: kiti kimoja cha kuzunguka, feni, na kioo chenye ufa. Huko ndiko muuza vitambaa mmoja alikomrudisha mdogo wake akifoka, "We fundi, mbona umemwacha upande mmoja?" Dada huyo na marehemu walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1984.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2011, akijinyoa. Maumivu yalimchoma kutoka sikioni hadi mdomoni, kama shoti ya umeme. Fundi wa meno aling'oa jino, halafu la pili, halafu la tatu, yote mazima, na kila mara akapokea ada yake bila haya. Majirani wakasema ni kiharusi. Lakini kiharusi hupooza uso, na wake haukupooza. Wengine wakasema ni ganzi. Lakini mwenye ganzi hahisi, naye alihisi kupita kiasi. Hatimaye daktari wa mishipa ya fahamu akautaja kwa jina lake: maumivu ya neva ya uso. Neva hupeleka habari za mguso kwenye ubongo, na ya marehemu ilipeleka uongo. Upepo wa feni ukipita shavuni, ubongo uliambiwa ni moto.

Basi akaacha kunyoa shavu la kushoto. Kinyozi mwenye ndevu nusu! Kila mteja alimtupia ile methali ya vinyozi akidhani yeye ndiye wa kwanza kuikumbuka. Wakamwita Nusu Ndevu, wakacheka, wakahamia duka la jirani.

Kaka yake mkubwa, aliyeketi hapa mstari wa mbele, alisema mbele ya ukoo mzima, "Hilo ni deko tu. Mwanamume mzima analizwa na feni!" Akampiga shavu kwa kiganja, ati anampima. Marehemu alianguka chini na kiti chake. Watu walicheka. Familia inaona kinyaa mpaka leo, na mjane ameomba neno hilo lisomwe kama lilivyo.

Kutafuna kukawa mateso, akakonda. Homa ya mapafu ilimkuta hana nguvu, akafariki alfajiri ya tarehe 14 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jana kaka huyo alileta kinyozi na wembe.

"Shemeji, hawezi kuzikwa hivi. Watu watatucheka."

"Hao watu si ndio nyinyi?"

"Tunamsafisha tu, aonekane mtu."

"Ulishamgusa mara moja, shemeji. Inatosha."

Kinyozi akafunga mkoba wake, akaondoka.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na kaka aliyekwisha kutajwa.

Jeneza liko wazi, na ndevu zake ziko kama alivyoziacha. Piteni mmuage, mikono yenu iwe nyuma. Apumzike kwa amani, bila kuguswa.