Macho Aliyoyaazima Mbuni

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo ni Isaac Akaale, kifungua mimba wa Ekuam na Apua. Alizaliwa Burat tarehe 9 Aprili 2002, siku ya mvua kubwa. Nyanya yake, Akuam, husema mvua ile ilibeba ngamia wawili na mama mkwe mmoja. Ngamia walipatikana.

Isaac alizaliwa akiona. Mwaka 2004 surua ilipita Burat ikamwachia giza. Alipokua na kuanza kuuliza, nyanya alimwambia kwamba mbuni alikuja kuazima macho yake aende nayo harusini Leparua, akalewa huko, akasahau kurudi. Mtoto aliipenda hadithi hiyo. Akisikia mgeni mlangoni aliuliza, "Ni mbuni?"

Mwaka 2009 alianza kusoma nukta nundu katika shule ya bweni ya wasioona, na Septemba 2021 akaingia chuo kikuu.

Kazi yake ilikuwa sauti. Mwaka 2022, yeye na mwanafunzi mwenzake Hoda, binti kutoka mtaa wa Chechelesi, walianzisha podikasti. Waliongea kuhusu afya, njaa ya mwisho wa muhula, na ngazi zinazomshinda mwenye kiti cha magurudumu. Likizo walirekodia kwa nyanya, chini ya blanketi tatu ili mwangwi usiingie, kuku wakiwa wamefukuzwa uani. Nyanya naye alijipenyeza humo, jasho likimtiririka, akapachika uongo wake mmoja kila kipindi. Wasikilizaji walikuwa wanamngoja yeye kuliko daktari aliyealikwa.

Tarehe 17 Agosti 2024 kipindi kilikuwa cha chanjo. Isaac alimuuliza kwa upole, ule mwaka wa mbuni ilikuwaje. Nyanya alijifuta jasho kwa pindo la blanketi. Halafu akatoa jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: watu wa chanjo ya surua walipofika, alimfunika Isaac kwa kapu la kuku pamoja na vifaranga, kwa sababu alisikia sindano inamaliza uzazi.

Isaac alizima simu ya kurekodia.

"Nyanya, hii nikitoa, soko yote itakusema."

"Wacha waseme. Mimi nimekudanganya miaka ishirini."

"Nilijuanga. Mbuni gani anaalikwa harusi?"

Akamshika mkono, akawasha tena.

Kipindi kilitoka bila kukatwa hata neno. Sokoni walimsema, kweli. Lakini mwezi uliofuata akina mama wawili walitoka Leparua na watoto mgongoni, wakamwomba nyanya awasindikize kliniki kuwachanjisha. Aliwasindikiza, akilia njia nzima na kusingizia vumbi.

Isaac hakuoa. Nyanya alimtafutia wachumba saba, wote warembo. Yeye akauliza urembo huo atautumia wapi.

Juni 2025 miguu ya Isaac ilianza kuvimba. Figo zilikuwa zimechoka. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata wodini alirekodi wagonjwa wenzake wakisimulia yao. Alitutoka mchana wa Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa nyanya.

Ameacha wazazi wake. Dada zake wawili. Hoda, atakayeiendeleza podikasti. Na nyanya yake Akuam, mwenye blanketi tatu ambazo hajaweza kuzikunja.

Mungu ampe Isaac pumziko la amani. Na yule mbuni, kama harusi imeisha, amrudishie mtoto macho yake.