Ione Sproul, Aliyeomba Kuhama

Mchungaji, majirani, ndugu na jamaa mliofika leo Jumanne, tarehe 7 Aprili 1936, katika kanisa letu hili la Sorrel, mimi ni Alta Kittredge, dada mkubwa wa marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia kwa kuwa shemeji yangu Delbert amesema hawezi, nami nimesema naweza, ingawa tangu Jumamosi sisikii kitu mwilini, si njaa wala uchungu, basi nitasoma kama nilivyoandika na mtanivumilia.

Marehemu Ione alizaliwa tarehe 11 Machi 1901 huko Sedalia, jimbo la Missouri, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Amos Kittredge na mama Lavinia, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki, na mwaka 1907 tulihamia hapa Kansas kwa treni, na ng'ombe mmoja na jiko la chuma, kwa sababu baba aliambiwa kwamba nchi hii ukiilima tu mvua itakuja yenyewe. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa.

Alianza masomo mwaka 1908 katika shule ya chumba kimoja iliyo ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1915 akiwa wa kwanza kati ya watatu, jambo ambalo mwenyewe alilitania kuliko sisi, na mwaka 1918 akafaulu mtihani wa ualimu, akarudi kufundisha katika chumba kile kile, ambamo wengi wenu mlio chini ya miaka thelathini mlifundishwa naye kusoma, na rula yake mnaikumbuka, msijifanye. Aliacha kazi mwaka 1923 kwa kuwa wilaya haimruhusu mwanamke aliyeolewa kufundisha, na kila mwaka shule zilipofunguliwa alinuna siku nzima, hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Tarehe 12 Juni 1923 alifunga ndoa takatifu na Bwana Delbert Sproul, mkulima, mbele ya madhabahu hii, ngano ikiwa imeiva hadi ukingoni mwa ua wa kanisa, na bwana harusi akawa anaichungulia dirishani huku mchungaji anamuuliza maswali, mpaka Ione akamfinya mkono ndipo akajibu. Walijaliwa watoto watatu, Marvin mwaka 1924, Lois mwaka 1928 na Dale mwaka 1932, wakajenga, wakanunua trekta, wakanunua hata piano, kisha mvua ikakata na upepo ukaanza.

Sina haja ya kuwasimulia vumbi watu mnaolila. Marehemu aliendesha nyumba yake kama mlivyoendesha zenu, sahani zikipangwa mezani kifudifudi mpaka chakula kiive, mashuka yakiloweshwa na kutundikwa madirishani asubuhi na jioni, watoto wakivalishwa nguo za magunia ya unga, naye akitembea kwa miguu hadi dukani kusubiri magunia mawili yenye maua ya kufanana, eti gauni la Lois lisionekane la kuunga. Pamoja na hayo yote, tarehe 9 Mei 1935 kijana wetu Dale aliaga dunia kwa nimonia ya vumbi, akiwa na umri wa miaka mitatu, na wakati wa vuli Lois naye akaanza kukohoa kikohozi kile kile, na Daktari Yoder akasema waziwazi kwamba mtoto huyu asipoondolewa hapa hatamaliza majira mengine ya vumbi.

Tangu siku hiyo marehemu alitaka kitu kimoja tu duniani, naye alikitaka mbele ya watu wote, kwa hiyo sitoi siri.

"Delbert, tumpeleke mtoto Oregon kwa shangazi Cora," alisema, hata wageni wakiwa mezani.

"Mwakani, mama," shemeji alijibu. "Ngano ya mwakani ikikubali tutahama kama watu, si kama wakimbizi."

"Na mwakani utakuwa unamzika nani?"

Shemeji si mtu mbaya, ni mtu wa shamba, na alipoambiwa basi Lois aende peke yake alisema familia haigawanywi kama kuku, na Ione hakutaka kumwacha mume wala mume hakutaka kuiacha ardhi, mkawa mnamwita Bwana Mwakani pale kwa kinyozi, nyie wanaume, ilhali majumbani kwenu mlikuwa mnasema lile lile.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa. Mnakumbuka kwamba baada ya maombi ya mvua ya mwaka jana sisi washarika tulikubaliana hapa hapa, kwa kunyoosha mikono, kwamba atakayeliona wingu la mvua kwanza aipige kengele ya kanisa ili watu wote watoke kumshukuru Mungu. Alhamisi tarehe 19 Machi, mchana, Bwana Orrin Pask aliona wingu zito jeusi likipanda kutoka kaskazini, akaipiga kengele. Bwana Orrin, usiinamishe kichwa, hakuna anayekulaumu, sote tuliona tulichokuwa tunatamani kukiona, mimi mwenyewe nilitoa beseni nje nikasimama nalo kama mwehu.

Ione alisikia kengele. Kwa maelezo ya Lois, mama yake alipiga kelele ya furaha, akayatoa mashuka madirishani yakiwa bado yanachuruzika maji, akafungua nyumba nzima, akamshika mtoto mkono, wakakimbia wote wawili hadi kwenye uzio wa mwisho ili mvua imkute Lois mapema, akimwambia, "Fungua mdomo, mwanangu, fungua!" na wingu lilipofika halikuwa na tone hata moja. Giza likawa giza, nyumba haikuonekana, na yale mashuka, ambayo kwa haraka alikuwa bado ameyabeba begani, alimzungushia mtoto yote, kichwa hadi miguu, akamlaza chini akamlalia juu, mwenyewe hakubaki hata na kitambaa cha kuziba pua, na walikaa hivyo mpaka Delbert na Marvin walipowafikia kwa kushikilia waya wa uzio.

Alianza kuugua Jumapili yake, akapelekwa kwenye hospitali ya dharura iliyo chini ya ukumbi wa mji, na huko mumewe aliketi kando ya kitanda akamwambia, "Ione, nimekubali, tutahama." Marehemu alimtazama.

"Lini? Mwakani?"

Akacheka, jamani, alicheka kweli, mpaka kikohozi kikamkata, na alipopata pumzi alisema Lois apande treni ya Jumatatu, yeye akiwepo asiwepo. Mauti yalimkuta Jumamosi tarehe 4 Aprili alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, ameacha mgane mmoja na watoto wawili.

Familia inawashukuru Daktari Yoder na muuguzi Bi Fern kwa kutolala kwao, majirani mliochimba kaburi mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza upepo ulilijaza, walimu wenzake wa zamani, na akina mama mlioleta maharage na mkate wa mahindi mkiwa mmeufunika vizuri.

La mwisho, kwa sababu mmekuwa mkinong'ona tangu mlangoni, na kiti kilicho kati ya Marvin na baba yake mnakitazama. Jana Jumatatu tulikuwa stesheni, na mke wa mkuu wa stesheni, anayekwenda Oregon kwa bintiye, alikuwa amejitolea kumshika mtoto njia nzima. Wazee watatu wa kanisa walitufuata pale, wakasema ni aibu, mtoto asizuiwe kumzika mama yake, kuna treni nyingine Ijumaa, siku nne si kitu. Mimi nilikuwa tayari kukubali. Lois alikuwa analia akimng'ang'ania baba yake koti, anasema anataka kumwona mama, na shemeji yangu Delbert, ambaye hajawahi kuharakisha jambo lolote isipokuwa mavuno, alivibandua vile vidole kimoja kimoja, akampandisha mtoto ngazi za behewa, akawageukia wazee akasema, "Leo."

Treni ikaondoka naye, na kiti kile kitupu ni chake.

Lala, mdogo wangu Ione, upumzike, mtoto ameondoka.