Maziwa ya Bibi Manubia

SADOK: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, nimeacha hadithi katikati na mkahawa mzima unanisubiri. Tena ya kweli tupu, naapa kwa mkate huu nilioushika—

MONJIA: Ni shangazi yako, mwanangu.

SADOK: Shangazi zangu wote wako makaburini.

MONJIA: Kabaki mmoja. Yule uliyempelekea posa Ijumaa.

SADOK: Bi Monjia. Mbona sauti nzito?

MONJIA: Kaka yangu Hedi kairudisha posa. Kasikia ulivyojigamba hapo mkahawani, kwamba bibi yako Manubia, mwaka wa mafuriko, alinyonyesha vichanga vyote vya mji wetu wa Kairuani, na mimi nikiwemo. Kama nilinyonya kwake, mimi ni dada wa kunyonya wa baba yako. Wapi umeona mtu kaoa shangazi yake?

SADOK: Ile ilikuwa ya kupitishia jioni tu—

MONJIA: Uliapa. Kwa mkate.

SADOK: Mtandao unakatakata... haloo?

MONJIA: Mtandao ni mzima, usinikimbie. Nimekwenda kwa Bi Traki, ambaye mama yake aligawana ukuta na bibi yako. Manubia alikuwa mfua sufi za wafuma mazulia, mikono imechubuka mwaka mzima. Hayo mafuriko yalimkuta kashapita sitini.

SADOK: Alikuwa mwanamke wa shoka.

MONJIA: Sadok. Hata baba yako mwenyewe hakunyonya kwake. Maziwa yalimkauka, akaazima mbuzi.

SADOK: Baba yangu? Mbuzi?

MONJIA: Mweupe, pembe moja. Wa nyumbani kwetu. Huyohuyo aliyemkuza mama yangu.

SADOK: Basi mimi na wewe, kwa upande wa mbuzi, ni—

MONJIA: Nimeshamuuliza sheikh. Maziwa ya mbuzi hayafungi undugu. Kacheka mpaka kilemba kikalegea. Ila Hedi anataka uyafute maneno yako palepale ulipoyasemea, kwa sauti, naye asikie. Yuko pembeni yangu.

SADOK: Mbele ya watu hawa? Monjia, hawa wananiamini.

[vicheko nyuma]

MONJIA: Nani wanaocheka?

SADOK: Hao wanaoniamini.

MONJIA: Haya, kaa salama, mwanangu—

SADOK: Ngoja. Monjia, ngoja. [anapaza sauti] Jamani. Bibi yangu hakumnyonyesha mtu yeyote mtaa huu. Alifua sufi. Na baba yangu kalelewa na mbuzi.

[kelele, vijiko vinagongwa mezani]

MONJIA: Wanasemaje?

SADOK: Mukhtar, mwenye mkahawa. Mwaka mzima kaninywesha kahawa bure, akiamini yeye ni baba yangu mdogo wa kunyonya. Anataka pesa zake.

MONJIA: Lipa.

SADOK: Nalipa. Zangu, na za wote waliokaa hapa leo. Lakini jamani, yule mbuzi hakuwa mbuzi wa kawaida, hiyo pembe yake—

MONJIA: Sadok.

SADOK: —ilikuwa moja. Moja tu. [kicheko upande wa pili] Huyo ni Hedi anayecheka?

MONJIA: Ndiye. Lete posa upya Alhamisi. Na mkate uuache hukohuko, maana ukianza tena kuap— salio langu—

SADOK: Haloo? Monjia? ... Haya, Mukhtar. Hesabu vikombe.