Historia ya Mke Wangu, Daktari wa Upasuaji Aliyeitwa Mama Chupa

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, kazi hii hupewa msemaji wa familia, lakini nimeomba niisome mwenyewe, kwa kuwa ndimi niliyeishi na marehemu miaka arobaini na mmoja.

Mke wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba seremala na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1977 akaingia chuo kikuu kusomea udaktari, ambako mimi nilikuwa nasomea hesabu, na ambako alinifunga drafti kila Jumamosi bila huruma. Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, tukajaliwa binti mwaka 1985, na mapacha wa kiume mwaka 1988, akiwa katikati ya masomo ya ubingwa wa upasuaji, ambayo aliyamaliza 1989 pamoja na wenzake, akaajiriwa hospitali ya wilaya mwezi Septemba mwaka huohuo.

Sehemu inayofuata shemeji yangu mkubwa aliniomba niiruke, akisema msibani si mahali pa kumwanika marehemu, nami namheshimu, lakini aliyeagiza isomwe ni marehemu mwenyewe.

Tarehe 11 Juni 1991 alimtoa fundi cherehani mmoja uvimbe chini ya ngozi ya bega, mdogo kama punje ya haragwe, akauona ni wa mafuta tu, akautupa kwenye ndoo, kama walivyofanya madaktari wengi wakati ule. Baada ya miezi ishirini uvimbe ulirudi palepale kwenye kovu, safari hii mgumu, akapeleka kipande maabara, majibu yakaja kwamba ni saratani adimu ya tishu laini, inayotambaa chini ya ngozi mbali kuliko jicho linavyoona. Angeweza kunyamaza, lakini alimketisha fundi yule, akamwambia kosa ni lake, kwamba uvimbe wa kwanza aliutupa bila kuupima, na fundi akamjibu kuwa yeye akikosea kukata kitambaa cha mteja husingizia panya, na kwa kuwa daktari hakusingizia panya, basi akate tena. Alikata tarehe 2 Machi 1993, kwa saa nne, akipima kwa rula sentimita tatu kila upande hadi kwenye utando wa msuli, akaziba kwa ngozi ya paja, mkono ukapona, na fundi huyo yumo miongoni mwetu, bado anashona.

Tangu hapo hakuna uvimbe aliouondoa usioingia kwenye chupa ya dawa na kupelekwa maabara, na ule mkubwa au unaokua hakuugusa kwa kisu kabla ya kuuchoma sindano ya kuchukua sampuli, hata wahudumu wakamwita Mama Chupa, jina lililowafanya wageni kwenye harusi ya binti yetu wanitazame kwa huruma. Kisha akafungua daftari la upasuaji, akanakili majina ya wagonjwa sitini na watatu ambao uvimbe wao haukupimwa, tukawatafuta mmoja mmoja kwa pikipiki yangu, akawapata hamsini na wanane, wawili ugonjwa ukiwa umewarudia, akawatibu wote wawili wakapona. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na sijaona mtu aliyesahihisha kosa lake kwa ukamilifu kama huo.

Alistaafu mwaka 2017, moyo ukaanza kumsumbua Agosti 2023, akafariki tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi, binti yetu akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliolala nasi, na wenzake wa kazini, wengi wao wanafunzi wake.

Wale wagonjwa watano ambao hatukuwapata aliwataja hadi wiki ya mwisho. Kama yupo hapa aliyetolewa uvimbe katika hospitali ile kati ya Septemba 1989 na Februari 1993, na hakupewa majibu, au ana ndugu wa namna hiyo, tafadhali apeleke kovu lake likaguliwe kliniki ya upasuaji, hata kama haliumi, daktari wa zamu ameniahidi kumpokea bila foleni.

Mke wangu, nimesoma yote, sikuruka kitu. Sasa pumzika kwa amani.