Kopo la Pili la Rangi ya Kupoza

Mektilda: Haloo? Naongea na nani?

Luhaga: Mwadila, mayu! Habari za huko, mama? Kaka yako Luhaga. Umeshaisahau sauti yangu, injinia?

Mektilda: Kaka! Shikamoo. Namba ni ngeni, ndiyo maana—

Luhaga: Marahaba. Simu ya karani wa pamba hii, kaniazima. Niko juu ya jiwe hapa Migato. Kule chini mtandao haushiki kabisa. Chuo kinaendaje?

Mektilda: Kinaendelea vizuri. Lakini Migato unafanya nini katikati ya msimu? Gereji umemwachia nani?

Luhaga: Nimefunga, nitakueleza. Kwanza shida yangu. Nataka kopo lingine.

Mektilda: Kopo la nini?

Luhaga: La rangi yako! Ile nyeusi uliyonitumia na basi, nikapaka intakula, ile rejeta ya kupoza upepo, ya lori la tajiri wa pamba. Wenzake wananigombania hapa. Si unajua, tangu biashara ya pamba ifunguliwe kila mwenye lori ni mnunuzi. Anayewahi kijijini ndiye anayepakia. Nikiwaambia mdogo wangu wa chuo kikuu katengeneza rangi inayopoza upepo ambao tabo inausukumia injini, injini ikapata nguvu, wanatoa macho kama... Haloo? Umekatika?

Mektilda: Nipo. Kaka, lile lori ulilolipaka, linakwendaje?

Luhaga: Aa, lile achana nalo. Lile limeharibiwa jina na mtu.

Mektilda: Limeharibiwa vipi?

Luhaga: Linakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka kwenye chumvi. Linaenda Kimali, kurudi linazimikia njiani, tangi kavu. Mlima kidogo tu, linalia.

Mektilda: Na moshi wake ni mweusi?

Luhaga: Ee! Mweusi tii. Umejuaje?

Mektilda: [mtandao unakwaruza]

Luhaga: Mektilda?

Mektilda: Endelea, kaka. Nakusikiliza.

Luhaga: Basi tajiri akasema dizeli inanyonywa porini, inauzwa. Na anayeshika usukani ni mmoja tu.

Mektilda: Usiniambie ni Nyanda.

Luhaga: Nani mwingine?

Mektilda: Nyanda wetu? Aliyekufundisha ufundi? Aliyenipeleka Malampaka juu ya marobota ya pamba, akakataa kuondoka stesheni mpaka aone treni imenibeba?

Luhaga: Huyo huyo. Unadhani mimi nimelala usingizi? Lakini ningesema nini? Sungusungu, walinzi wa kijiji, wameniita, wameniuliza mimi fundi: gari ni zima? Nikasema ni zima, tena limepakwa dawa ya chuo kikuu. Nikaapa. Leo ndiyo wanamaliza shauri. Nawaona hapo chini, wamekaa duara, na yeye katikati, chini kwenye vumbi. Hajainua uso tangu asubuhi.

Mektilda: Wanamaliza kwa kufanya nini?

Luhaga: Unauliza kama vile hukuzaliwa huku. Watamtenga. Hakuna wa kumwamkia, hakuna wa kuchota naye maji. Mkewe akienda kuomba kaa la moto jirani, atafungiwa mlango.

Mektilda: Kaka, wasimamishe.

Luhaga: Niwasimamishe na nini?

Mektilda: Nyanda hajaiba. Ni rangi.

Luhaga: Rangi gani? Usinichanganye. Si wewe uliyeniandikia kwamba kitu cheusi hutoa joto upesi kuliko kinachong'aa?

Mektilda: Niliandika, na ni kweli, endapo hewa imetulia. Nilikipaka kipande cha bati, nikakipasha moto, nikakiweka mezani, kikapoa upesi. Nikafurahi, nikakutumia kopo. Kisha nikakumbuka kwamba lori halikai mezani. Nikakiwekea feni. Penye upepo, kaka, kazi yote ya kupoza inafanywa na upepo. Rangi inageuka blanketi. Upepo wa tabo unaingia kwenye injini ukiwa wa moto, dizeli haiungui yote, nguvu zinapungua, dereva anakanyaga zaidi—

Luhaga: Subiri. Subiri kwanza. Hiyo feni uliiweka lini?

Mektilda: Kabla hujanipigia kuniambia kwamba umeshapaka.

Luhaga: Ulisema "hongera, kaka".

Mektilda: Nilisema.

Luhaga: Nakumbuka. Nilimpa hata mama simu, ukacheka naye.

Mektilda: Nilikuwa nimekwisha kuisoma kazi hiyo mbele ya darasa zima, wakanipigia makofi. Nikajiambia tofauti ni ndogo, haitamdhuru mtu. Kila nilipotaka kukupigia, nilijitafutia sababu ya kuahirisha. Sikumfikiria Nyanda. Nilijifikiria mimi.

Luhaga: [upepo unavuma kwenye simu] Na mimi nikapaka mara tatu.

Mektilda: Mara tatu? Nilikuandikia iwe nyembamba kama—

Luhaga: Nilitaka ionekane! Watu walisimama gereji wanatazama kazi ya mdogo wangu. Nikapaka mpaka vile vijinafasi vya kupitisha upepo vikajaa. [anakohoa] Sikiliza. Kesho naichomoa intakula, naiosha kwa petroli, nairudisha kimyakimya. Lori linapona. Tajiri mwenyewe ataona—

Mektilda: Na leo?

Luhaga: Leo nini?

Mektilda: Leo Nyanda atarudi nyumbani akiwa nani?

Luhaga: Mayu, unajua unachokiomba? Baba amekutaja mpaka kanisani. Wasichana wa hapa wanaambiwa someni muwe kama Mektilda. Nikishuka hapa niseme—

Mektilda: Usiseme wewe. Nitasema mimi. Shuka na simu.

Luhaga: Huko chini haishiki, nimekwambia!

Mektilda: Basi mpandishe mkubwa wao. Nani anaongoza?

Luhaga: Mzee Maganga. Ana miguu mibovu yule, jiwe hili—

Mektilda: Mwite, kaka. Nakuomba. Mwite kabla hawajasimama.

Luhaga: [kwa mbali, anapaza sauti] Mzee Maganga! Msiamue! Pandeni huku, simu yenu! ...Ndiyo, mimi! ...Kutoka Dar! [karibu] Anapanda, anashikwa mkono. Salio la karani limebaki kidogo, sema upesi. Na Mektilda...

Mektilda: Bee.

Luhaga: Mambo ya mara tatu usiyaseme.

Mektilda: Hayo si yangu kuyasema, kaka.

Luhaga: ...Haya. Huyu hapa.

Maganga: Haloo! Nani wewe?

Mektilda: Shikamoo, baba. Ni Mektilda, mdogo wake Luhaga.

Maganga: Marahaba, mayu! Msomi wetu! Tunakuombea. Sema haraka, watu wako juani.

Mektilda: Baba, Nyanda hajaiba dizeli. Aliyeliharibu lori ni— [mtandao unakwaruza]

Maganga: Ni nani?

Mektilda: Ni mimi.

Maganga: Sisikii, upepo mkali. Rudia kwa sauti.

Mektilda: Baba, niko kwenye korido ya bweni, watu wamejaa hapa—

Maganga: Hata huku watu wamejaa, mayu. Na yeye amekaa katikati yao. Paza sauti.

Mektilda: Ni mimi, baba! Rangi yangu ndiyo iliyoharibu lori! Nilijua, nikanyamaza! Nyanda hana kosa!

[simu inalia tii, tii]

Maganga: Nimesikia. Luhaga, mbona umeinama? Tangulia kushuka, uliapa mbele yao, sasa—

[simu imekatika]